KITI CHA DIRISHANI: KULIA AU KUSHOTO?

Juma hili twapanda ndege. Najua wengine watacheka na kusema: "Sisi nauli ya basi yatushinda, na huyu atuletea habari za ndege!" Lakini tutazame mambo yalivyo. Zamani eropleni, kama walivyoiita wazee wetu, ilikuwa chombo cha wakubwa. Siku hizi katika vijiji vingi utamkuta mzee aliyetumiwa tikiti na mwanawe aliyeko mjini, aende kumwona mjukuu. Huyu aitwa hospitali kubwa, yule aenda harusini, mwingine aenda kushuhudia mwanawe akipewa upadre mbali na nyumbani. Wengi wao watapanda ndege mara moja tu maishani, na jambo la mara moja halina marudio. Yafaa lifanywe vizuri.

Basi mtu huyo hujitayarisha kwa kila kitu. Hufua nguo, hutafuta kitambulisho, hufunga zawadi, huaga majirani nyumba kwa nyumba. Jambo moja tu hulisahau: atakaa wapi ndani ya ndege. Hufika kiwanjani, hupewa kiti chochote, naye hushukuru. Akirudi nyumbani watu humzunguka: "Je, mlima uliuona?" Naye hujibu: "Niliona bawa." Nauli yake ni ile ile aliyolipa mwenzake aliyeuona mlima wote, toka msitu hata barafu. Tofauti yao ni kiti tu. Hilo ndilo shauri letu la leo, nalo halitaki fedha. Lataka akili kidogo kabla ya safari.

UZI NA RAMANI

Watu huulizana: "Upande gani wa ndege ni mzuri, wa kulia au wa kushoto?" Swali hilo, likiulizwa hivyo tu, halina jibu. Ni kama mgeni akikuuliza: "Kisima chenu kiko kulia au kushoto?" Nawe sharti umwulize kwanza: "Watoka wapi, na waenda wapi?"

Fanyeni hivi. Tafuteni ramani ya nchi, hata ile ya ukutani shuleni au ya kitabu cha mtoto. Chukueni uzi. Ncha moja iwekeni mahali ndege itokapo, ncha ya pili mahali iendako, kisha uvuteni unyooke. Sasa jifanye wewe ni siafu atembeaye juu ya uzi huo, ukiielekea safari yako. Milima, maziwa na mito iliyo mkono wako wa kuume, itaonekana katika madirisha ya kulia. Iliyo mkono wa kushoto, itaonekana kushoto. Basi, kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, tena ataifurahia kuliko hesabu za vipande.

Ni kweli kwamba rubani hafuati uzi wetu sawasawa. Anga lina njia zake, na pengine huzunguka ili kukwepa mawingu, au kwa amri ya wanaoongoza ndege kutoka chini. Lakini kwa safari za hapa kwetu, uzi haumpotezi mtu sana.

Tujaribu safari moja wanayoijua wengi: toka Dar es Salaam hata Kiwanja cha Kilimanjaro, kile kilicho kati ya Moshi na Arusha. Uzi waelekea kaskazini, na kuinama kidogo magharibi. Mkono wa kuume mtaona Mto Pangani, utepe wa kijani katika nchi kavu. Nyuma yake yasimama milima ya Usambara, kisha milima ya Upare kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Karibu na mwisho laonekana bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mashamba ya miwa ya Arusha Chini, yamekatwa miraba kama daftari la hesabu. Halafu, juu ya hayo yote, Kilimanjaro. Mkono wa kushoto kwa muda mrefu ni nyika ya Wamasai, nayo ina uzuri wake. Mwishoni wajitokeza Mlima Meru. Mwenye kuchagua, achague kulia. Akirudi Dar es Salaam, mambo yageuka: sasa mlima uko kushoto.

Angalieni neno moja hapa. Ndege ikaribiapo kutua huweza kuzunguka ili iukabili upepo, na hapo mlima wahama dirisha hata mara mbili. Kwa hiyo aliyekosa upande asikate tamaa mpaka magurudumu yaguse ardhi.

Sasa tujaribu safari ya pili, toka Dar es Salaam hata Nairobi. Wengi husema: "Mlima ni ule ule, tena twaenda kaskazini vile vile, basi nitakaa kulia kama mara ile." La! Uvuteni uzi mwone. Uzi wa Nairobi wapita mashariki ya mlima, upande wa Rombo. Kwa hiyo mlima uko kushoto, na aliyekaa kulia atatazama nyika ya Tsavo. Kutoka Nairobi kuja Dar es Salaam, kaa kulia. Mlima haukuhama, ila njia imehama. Ndiyo maana nasema msikariri upande, bali ulizeni njia.

Kwa wale wa sehemu nyingine, nitaje kwa ufupi. Toka Dar es Salaam kwenda Songwe, huko Mbeya, milima ya Uluguru yaonekana kulia muda si mrefu baada ya kuruka, na bonde la Rufiji liko kushoto. Mkikaribia mwisho, Mlima Rungwe uko kushoto. Toka Dar es Salaam kwenda Mwanza, kulia ndiko liliko Ziwa Eyasi, na mbali zaidi nchi ya juu ya Ngorongoro. Toka Mwanza kwenda Bukoba mtavuka Ziwa Viktoria: Ukerewe iko kulia, na kisiwa cha Rubondo kiko mbali kushoto. Safari yako isipokuwamo, unao uzi.

BAWA LISIKUZIBE

Umejua upande. Bado kazi ya pili, nayo ni kuliepa bawa. Hapa yafaa mjue kwamba ndege ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni zile za mapangaboi, kama ATR na Dash 8, ziendazo viwanja vyetu vingi. Mabawa yake yamewekwa juu ya madirisha, kama paa la kibaraza. Abiria akitazama chini haoni kizuizi, isipokuwa akae katikati kabisa penye injini. Tena ndege hizi hazipandi juu sana. Kimo chake cha mwisho ni kama mita 7,600, na kilele cha Kibo ni mita 5,895. Kwa hiyo mlima huuoni kama kichuguu kilicho miguuni pako, bali wautazama karibu uso kwa uso, kama jirani ng'ambo ya bonde.

Namna ya pili ni jeti kubwa, kama Boeing na Airbus. Mabawa ya hizi yako chini ya madirisha, nayo ni mapana. Ukikaa safu za katikati utatazama bati muda wote. Omba safu za mbele ya bawa. Zikiwa zimejaa, omba za nyuma kabisa. Za mbele ni bora, maana nyuma ya injini hewa ya moto hutetemesha mandhari, kama vile uonavyo vitu vikicheza juu ya moto wa kuchoma kichaka.

Viti huandikwa kwa tarakimu na herufi. Tarakimu ni safu, na huhesabiwa toka mbele. Herufi A ni dirisha la kushoto, ukiwa umeelekea kwa rubani. Herufi ya mwisho ya safu ni dirisha la kulia. Hivyo mtu akipewa 5A, ajue yuko mbele, kushoto, dirishani. Katika Airbus A220 kushoto kuna viti viwili na kulia vitatu. Mume na mke wakipata vile viwili, watakaa pamoja bila mtu wa tatu kuwaomba njia.

Jambo jingine dogo: mara nyingine kiti huitwa cha dirishani, na ukifika wakuta ukuta mtupu. Hutokea katika ndege nyingine kwamba safu moja au mbili hazikupangana na madirisha. Ndiyo maana kuuliza si ujinga.

JUA NA MAWINGU

Kazi ya tatu ni kulijua jua. Wapiga picha husema ni vizuri jua liwe mgongoni, likiangaza kile unachokitazama. Turudi katika safari ile ya Nairobi. Ukitoka Dar es Salaam asubuhi na kukaa kushoto, jua la mashariki liko nyuma yako, nalo lapiga mlima usoni. Wauona kila mkunjo wake: Mawenzi mbele yenye meno meno, na Kibo nyuma yake. Lakini ukirudi jioni, ukiwa umekaa kulia, jua liko nyuma ya mlima nalo lakupiga machoni. Mlima utauona, ila utakuwa mweusi kama chungu. Wengine huupenda hivyo. Mimi nasema, mwenye safari moja tu aichague ya asubuhi.

Kuna sababu nyingine ya kupenda asubuhi. Wakazi wa mlimani wajua kwamba Kibo huonekana wazi alfajiri na mapema asubuhi, kisha mawingu hupanda toka msituni, na kufika saa nne au saa tano hujifunika. Ndege ya saa moja asubuhi na ile ya saa saba mchana zina mlima mmoja, lakini hazina mandhari moja. Hata hivyo msafiri wa angani ana bahati asiyo nayo aliye chini. Mara nyingi mawingu yakiufunika mlima kwa watu wa Moshi, kilele hutokeza juu yake kama kisiwa katika bahari nyeupe. Wewe wauona, na wao hawauoni.

Majira nayo yana neno. Wakati wa masika, toka Machi hata Mei, mawingu ni mazito. Kiangazi mbingu ni wazi, lakini mwishoni mwake moshi wa mashamba na mbuga zichomwazo huitia anga ukungu wa kijivu. Siku nzuri kupita zote ni ile ifuatayo mvua, wakati vumbi limeoshwa. Na ndege ya usiku? Huko usihangaike na dirisha. Chagua kiti cha kando ya ujia, ulale.

JINSI YA KUKIPATA KITI

Makampuni mengi huuza haki ya kuchagua kiti mapema, kwa malipo ya ziada. Kabla hujalipa, ujue kwamba kuna njia nyingine. Makampuni mengi humruhusu msafiri kujiandikisha kwa simu muda wa saa 24 kabla ya safari, na mara nyingi hapo aweza kuchagua bure katika viti vilivyobaki. Kijana wa nyumbani mwenye simu nzuri amfanyie mzee kazi hiyo. Asiye na simu hiyo afike kiwanjani mapema, awe katika watu wa kwanza mezani, aseme kwa adabu na kwa maneno kamili: "Habari za asubuhi, mwanangu. Naomba kiti cha dirishani, mkono wa kulia, mbele ya bawa." Karani akisikia maneno hayo atajua kwamba mbele yake yuko mtu ajuaye atakacho. Anayesema "nipe kiti kizuri" hupewa chochote, maana kwa karani viti vyote ni vizuri.

Ukikosa, waweza kumwomba mwenzako mbadilishane, baada ya watu wote kukaa. Lakini ombi ni ombi. Akikataa, usinune wala usimsimulie shida zako njia nzima. Huenda naye alivuta uzi wake.

Tena si kila mtu afaa kukaa dirishani. Mgonjwa aendaye chooni mara kwa mara, mama mjamzito, mtu mwenye miguu ivimbayo, hao wote wakae kando ya ujia waweze kuinuka bila kuwasumbua watu. Kadhalika safu ya mlango wa hatari, hata kama dirisha lake ni zuri, haipewi watoto, wajawazito wala mzee asiye na nguvu, kwa sababu akaaye pale atazamiwa kuufungua mlango ikibidi.

Ukisha kaa, usishtuke ukiona katundu kadogo chini ya kioo. Hakikuvunjika. Kametobolewa makusudi katika kioo cha kati, ili hewa ipatane na kioo kisifanye ukungu. Na ukitaka kupiga picha, sogeza simu karibu na kioo, ujifunike kwa kanga au koti ili mwanga wa ndani usirudi katika picha. Halafu iweke simu chini. Wengi hurudi na picha arobaini za mlima ambao macho yao hayakuutazama hata dakika moja.

YALE YA KUTAZAMA

Sasa, msomaji, utauliza: "Haraka yote hii ni ya nini? Mlima si upo tu siku zote?" Mlima upo. Lakini si vyote vilivyo juu yake vitakaa.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliandika Ulaya kwamba ni theluji, na wataalamu fulani waliokaa mezani kwao walimkatalia, wakisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Wao hawakuuona mlima, ila walikuwa na hakika. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, ilibidi njiani vidato vikatwe katika barafu ili apate pa kukanyaga.

Barafu hiyo ilipopimwa mwaka 1912 ilienea kama kilomita 12 za mraba. Wataalamu walipolinganisha na mwaka 2007, waliona kwamba katika kila sehemu 100 za ule weupe, 85 zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu iliyobaki Kilimanjaro na Mlima Kenya yatazamiwa kutoweka kabla ya mwaka 2050. Sababu ni kwamba dunia yazidi kupata joto, na hewa ya mlimani imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi kufidia ile iliyeyukayo. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliye darasa la kwanza leo, akifika umri wa wazazi wake, yawezekana atautazama mlima ulio jiwe tupu. Atakaposimuliwa kwamba palikuwa na weupe, huenda naye atakataa, kama wale wa Ulaya.

Basi ukipita, tazama. Tazama kuta za barafu zilizosimama peke yake juu ya majivu, kama mabaki ya nyumba iliyobomolewa. Kama ndege iko juu ya kutosha, tazama na shimo la duara lililo katikati ya kilele, hapo moto ulipotokea zamani.

Lakini usitazame barafu tu. Shusha macho. Chini ya majabali kuna mkanda wa msitu, wa kijani cheusi, uliouzunguka mlima kama kilemba. Chini yake yaanza migomba na kahawa na nyumba za watu. Wengi hudhani kwamba maji ya mito ya Kilimanjaro yatoka katika barafu. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa yatokana na mvua ishikwayo na msitu ule. Barafu twaitazama, lakini msitu ndio utunyweshao. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa jembe. Msitu twaweza kuulinda kwa mikono yetu. Ukiwa juu waona mpaka wake kama mstari uliopigwa kwa rula, na pale penye kovu waliona vile vile. Mtu aliye chini huona mti wake mmoja tu. Aliye dirishani huona miti yote, na mahali isipokuwapo.

Fanya vivyo hivyo popote upitapo. Mto ukiwa mwekundu baada ya mvua, ujue ule ni udongo wa shamba la mtu, wakwenda baharini. Mlima wenye matuta yaliyokingama waonekana tofauti kabisa na mlima uliolimwa toka juu hata chini. Moshi ukipanda mahali kumi katika mbuga, hakuna aliye chini ajuaye kwamba kuna moto mwingine tisa. Mambo haya mwalimu hufundisha ubaoni mwaka mzima, na dirisha layafundisha kwa nusu saa.

DIRISHA NI LA NANI?

Nimeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Jamaa wakisafiri watatu au wanne, dirisha huchukuliwa na nani? Mara nyingi ni kijana, kwa kuwa ndiye ajuaye kusoma namba za viti na ndiye aingiaye kwanza. Hukaa, huvuta kipazia, huziba masikio kwa vidude vyake, na kulala. Kando yake, katika kiti cha kati, amekaa bibi yake, amekunja mikono, akiutazama mgongo wa kiti cha mbele yake toka mwanzo hata mwisho. Bibi hasemi neno. Yeye hufikiri kwamba vile ndivyo ndege ilivyo.

Mfikirieni bibi wa Rombo, aliyezaliwa chini ya Mawenzi. Miaka sabini ameutazama mlima toka chini. Kwa mlima alijua mvua, kwa mlima alijua saa. Maji aliyochota toka utoto ni ya mlima. Kibo kwake ni kilemba cheupe nyuma ya Mawenzi, mahali wasipokwenda watu kama yeye. Leo mjukuu amemtumia tikiti, aende Dar es Salaam. Dakika chache baada ya kuruka, Kibo itakuwa kushoto, iko wazi yote, pamoja na upande ule ambao hajauona maishani. Dakika hizo ni chache, na hazitarudi. Akiwa kulia, au katikati, au nyuma ya kipazia kilichofungwa na mtu asinziaye, zitampita. Tena hatadai, maana hajui amekosa nini.

Kwa hiyo kanuni ya mwisho haimo katika ramani. Dirisha mpeni yule ambaye hajaona, na yule ambaye pengine hataona tena. Mzee kwanza, halafu mtoto. Ninyi vijana mwenye safari nyingi, mtaliona dirisha siku nyingine. Kaeni kando yao mwaambie majina ya vilivyo chini, ikiwa mwayajua. Na mara nyingi mtashangaa kusikia kwamba wao ndio wanaowaambia ninyi.

Na wewe uliyepata dirisha kati ya watu usiowajua, ukiona mlima watokeza, usiufiche kwa kichwa chako. Egemea nyuma kidogo, useme: "Mama, tazama ule." Utakuwa umempa zawadi isiyopungua kwa kugawanywa.

Juma hili, baada ya chakula cha jioni, toeni ramani ya mtoto na uzi wa mshonaji. Hata kama hakuna mwenye tikiti nyumbani, vuteni uzi kutoka hapo kwenu hata kiwanja chochote mkipendacho, na mwulize kila mmoja: "Kulia tutaona nini? Na kushoto?" Mtajua nchi yenu. Na siku tikiti itakapokuja, mtajua la kuomba mezani, na mtajua ni nani wa kumpisha dirishani.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.